Bi Saa Hii

Kiwandani walimwita Bi Saa Hii, na jina alijitafutia mwenyewe. Ukimwambia mtambo uko salama, atakuuliza: saa hii unasomaje? Si asubuhi, si jana. Miaka kumi na tisa alisimama kwenye mtambo wa kuchemshia maziwa, akiandika joto kila robo saa, huku wenzake, Mungu awasamehe, wakijaza fomu ya siku nzima kabla ya chai. Na hao hao ndio waliomcheka zaidi.

Kisha ikaja kompyuta. Meneja, kijana wa juzi tu, akatangaza kwamba sasa skrini italinda kila kitu, na mwisho wa mwezi mama akapumzike. Akapumzike! Kama vile aliomba. Nyumbani alimwambia mumewe amefukuzwa kwa heshima, akalia kidogo, akanawa uso.

Wiki yake ya mwisho, maziwa ya watoto wa shule yakipita mtamboni, skrini ilionyesha nyuzi sabini na mbili nukta nne, kijani kizuri. Robo saa baadaye, nukta nne. Robo nyingine, nukta nne ileile. Mwingine angeshukuru. Yeye machale yakamcheza, maana joto la maziwa halitulii. Hupanda nukta, hushuka nukta. Akazunguka nyuma, akafuta mvuke kwenye kipimo cha zamani cha bombani. Sitini na tatu, joto lisilotosha kuua vijidudu. Kompyuta ilikuwa imeganda, inarudia habari ya zamani kama kasuku.

Akabonyeza kitufe chekundu. Mtambo ukazimika, gari la shule likinguruma nje, meneja akaja mbio akiuliza nani kampa ruhusa. Hakubishana naye. Alimshika mkono kama mwanawe wa kumzaa, akampeleka nyuma, akamwonyesha. Meneja akasoma, akasoma tena. Maziwa yote yakarudishwa kuchemshwa upya, na hakuna mtoto aliyeumwa tumbo.

Mwisho wa mwezi ulifika, ukapita, mapumziko hayakutajwa. Asubuhi moja meneja alisimama mbele yake, skrini ikiwaka kijani mgongoni kwake, wala hakuigeukia.

"Mama," akasema taratibu, "saa hii unasomaje?"

Wenzake wote walisikia. Bi Saa Hii hakuwa na haraka. Alifuta miwani, akazunguka nyuma, akarudi kifua mbele.

"Sabini na mbili nukta tatu, mwanangu. Andika."

Na meneja akaandika.