Mafundo Yote ya Nyumba Yetu

Nilipokuwa mtoto pale Mtoni, miaka ya Ujamaa, tumbo la mama lilijulikana mtaa mzima. Lilikuwa likijaa na kuuma, choo hakipatikani, halafu linapoa mpaka tunalisahau, kisha linarudi. Bibi, aliyemzaa baba, hakuwa na shaka kwamba mama amefungwa. Kuna mtu amepiga fundo kwa uzi wa nguo yake, na lisipofunguliwa litamuua.

Basi siku tumbo lilipomlaza mama chini, Bibi aliamuru kila fundo nyumbani lifunguliwe. Nilifumuliwa nywele nilizosukwa kwa ajili ya harusi, nikalia. Kamba ya kuanikia nguo ikashushwa, ya ndoo ikafunguliwa, mbuzi naye akaachiwa, akaenda kula mchicha wa balozi wa nyumba kumi. Mama akaendelea kuugulia.

Hapo Bibi akageukia chumba cha uani. Bi Somoe, mpangaji wetu kutoka Lindi na shoga wa mama, alikuwa mlangoni anasuka mkeka, kama kila siku.

“Fumua huo,” Bibi akamwambia.

“Bibi, huu una fundo gani? Nimehangaika nao mwezi mzima.”

“Kama huna neno, fumua.”

Bi Somoe alimtazama mama. Nami nikamtazama, maana nilijua atamtetea shoga yake. Mama akainamisha macho.

“Shoga, fumua tu yaishe.”

Akafumua. Tulisikia miyaa ikikwaruza hadi magharibi.

Asubuhi mama alipata choo. Naandika hilo bila furaha, kwa sababu ndilo lililommaliza Bi Somoe. Watu waliacha kumwitikia salamu, na kabla ya Ramadhani akahama. Tumbo likarudi yeye ameshaondoka. Bibi akasema kaondoka na fundo jingine, na mama aliamini hivyo mpaka kufa.

Sasa tumbo hilo ninalo mimi. Daktari amenieleza kwamba utumbo wangu ni mwepesi kukasirika: hukaza, hujaa gesi, choo huwa kigumu, na hofu huzidisha. Ugonjwa huo hauui, na hakuna aliyenitia. Huja na kupoa wenyewe, alisema. Nilimwomba arudie hilo la kupoa wenyewe. Nilitaka kumpelekea Bi Somoe habari hiyo, na hakuna anayejua alikohamia.

Namwamini daktari, kweli kabisa. Lakini tumbo likianza kujaa, mkono wangu huenda kwenye pindo la kanga na kufungua fundo kabla sijafikiri.