Spika za Nyuma Nilizigeuzia Barabarani

Kosa ni langu peke yangu. Msinitafutie sababu. Jina siandiki, ingawa watu wa mtaani kwetu Mafiga wakisoma hapa watanijua tu.

Shule niliishia darasa la pili. Nilishuka kutoka milimani, kule Uluguru, na tenga la kabichi kichwani, nikaingia mjini Morogoro, nikafikia kwa mama wa rafiki yangu Pius. Yule mama alinipa kona ya kulala na uji wa asubuhi, wala hakuniuliza nitaondoka lini. Serikali ilipofungulia watu biashara nikapata mashine ya kukoboa mpunga, halafu pikapu, halafu nyumba jirani na yao. Nikawa natamba kwamba sikusaidiwa na mtu. Uongo mtupu!

Vitu vya Dubai vilipojaa madukani nikaenda Kariakoo kununua muziki wa kuzungusha sebule: spika za mbele, sabufa, na mbili za nyuma. Muuzaji alinikalisha kwenye kiti, akawasha mpira. Jamani! Mtangazaji yuko mbele, mashabiki wako mgongoni, kama nimekaa jukwaani!

"Mzee, hizi ndogo zifunge nyuma ya kochi lako, juu kidogo ya masikio," akaniambia. "Kazi yake ni zile kelele za pembeni tu."

Nilisikia na nilielewa. Sasa nyuma ya kochi nani angeziona?

Zile ndogo nikazidharau. Nikanunua mbili kubwa na ampifaya yake ya kukuza sauti, nikaziunganisha mahali pa zile za nyuma, nikazitundika barazani zikitazama barabara. Mke wangu akasema, "Baba Joseph, si ulisema ni za kusikiliza wewe?" Nikamjibu, "Bei yake unaijua?" Ampifaya nikaifungua mpaka mwisho. Watu wakipita wanageuza shingo, na mimi ndani natabasamu kama mjinga.

Kisha mama yake Pius akafariki.

Pius alikuja kwangu macho yamevimba. "Kaka, mama anarudi kuzikwa milimani. Nataka apande gari yako. Alikuwa anajisifu nayo kuliko wewe mwenyewe." Nikamwambia gari ipo, na dereva ni mimi.

Siku ya safari nikaegesha pikapu mbele ya baraza langu, nimeiosha, nimetandika kitenge. Kwao sala zikarefuka. Na kwenye televisheni ya ungo kulikuwa na mechi! Nikasema naangalia kidogo tu wakati nawasubiri. Nikapunguza sauti mpaka mtangazaji akawa ananong'ona, nikafunga madirisha. Niliona nimeuheshimu msiba.

Lakini zile za barazani zilikuwa na ampifaya yake isiyosikia rimoti ya ndani, imefunguliwa mpaka mwisho, na kinachokwenda kwao ni kelele za mashabiki. Hazikunong'ona, ndugu zangu!

Wakaja na jeneza. Mpaka hapo mechi ilikuwa imepooza, mashabiki wametulia; wamefika kwenye pikapu, ndio wanalipandisha, goli likaingia.

Uwanja mzima ukalipuka barazani kwangu! Filimbi, makofi, vifijo! Juu ya jeneza la mama aliyeninywesha uji!

Nilishtuka kwa sababu vilio vya wanawake vilikatika ghafla. Nikatoka mbio, rimoti mkononi. Kila mtu ananitazama. Kulikuwa na mzee mmoja Mnyamwezi, mtani wetu, ambaye asubuhi nzima alikuwa anawachokoza wafiwa na kudai godoro la marehemu, kama desturi ya watani msibani. Akavua kofia.

"Mtani hapa ni mimi," akasema. "Mimi ndiye mwenye ruhusa ya upuuzi. Na hata mimi sijamshangilia mama kwa kufa."

Pius hakupaza sauti. Aliwaambia wabebaji, "Mshusheni."

"Pius, kaka, nilikuwa nimepunguza!"

"Ulipunguza kwako."

Wakakodi lori la mkaa. Mama wa watu akapanda juu ya vumbi la mkaa, huku gari niliyoiosha kwa ajili yake inafuata nyuma tupu, mimi peke yangu kwenye usukani! Barabara ilipoishia, wanaume wakaanza kupokezana jeneza begani kupandisha mlima. Kila bega liliitwa. Langu halikuitwa.

Nilipeleka wazee kuniombea radhi. Pius akapokea, tunasalimiana vizuri. Ila haji tena kukaa kwangu. Binti yake alipoposwa, mimi jirani wa ukuta kwa ukuta, nilijua baada ya kuona maturubai yanafungwa. Nikakaa ndani na mke wangu, tunawasikia wanavyocheka. Hiyo ndiyo adhabu yangu, na inaniuma kuliko tusi!

Nyinyi mnaonunua mitambo hii sasa, nisikilizeni mzee nisiyejua kusoma vizuri. Spika za nyuma zikae nyuma ya kochi lako, zikulilie wewe. Ukishazifunga, washa, kisha toka nje ukasimame mlangoni kwa jirani, usikilize kwa masikio yake. Na kama unaona aibu kwenda kusimama pale, zima. Unajua tayari kinachosikika.