Ukurasa Ulioshika Namba Moja

Niliwahi kuamini, tena kwa moyo wote, kwamba huko Ulaya kuna madaktari wazee waliofungiwa kwenye jumba refu kuliko milima ya Udzungwa, kazi yao kusahihisha kurasa za afya za intaneti kwa kalamu nyekundu. Ukurasa uliopata alama nyingi ndio unaotokea juu. Habari hiyo alinipa mwenzangu wa masomo ya jioni, aliyekwenda kutembea Dar es Salaam akarudi Ifakara profesa. Na kwa nini nisiamini? Tangu darasa la kwanza matokeo yetu yalibandikwa ukutani, wa kwanza juu, wa mwisho chini, na wa kwanza ndiye mwenye akili.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, ofisi ya mradi nilikokuwa natunza stoo ikapata intaneti. Ilianza kwa kupiga simu, ikilia kama bata mzinga aliyekabwa koo. Dada aliyekuwa akiendesha kompyuta aliniruhusu kuigusa wakati wa chakula cha mchana.

Haja yangu ilikuwa moja: mama. Alikuwa na presha, na vidonge vya hospitali vilimpeleka haja ndogo kila mara. Huko kijijini kwake Idete mpunga ulikuwa unakomaa na yeye ndiye aliyekuwa akifukuza ndege.

"Nikikimbilia kichakani, ndege wanamaliza shamba," alilalamika. "Wewe mwanangu si umesoma? Nitafutie dawa nyingine, la sivyo hivi navitupa mtoni."

Basi siku hiyo nikagonga herufi mojamoja kwa Kiingereza changu cha jioni. Tukasubiri karne nzima. Orodha ikaja, na juu kabisa, namba moja: unga wa majani! Unakunywa, unapona, vidonge vyote unatupa! Niliruka nusura nitoboe dari. Nikachapisha ukurasa, nikaukunja, nikaikimbilia baiskeli.

"Kaka, mbio za wapi na chakula hujala?" dada akaniita.

"Idete! Mama anaacha vidonge leo leo!"

"Nani kasema?"

"Namba moja! Kashinda kurasa zote duniani!"

"Hebu rudi hapa, bwana namba moja."

Nikarudi nimetanua kifua, nikijua napongezwa. Kwenye kompyuta akashuka hadi chini ya ukurasa ule, mahali palipokuwa peupe, hamna kitu. Akaburuta mausi pale, na maneno yaliyofichwa yakachomoza, meupe juu ya weupe, kwa Kiingereza: presha, presha, dawa ya presha, presha, mpaka macho yakachoka. Nilishangaa kama mtu aliyeona kiboko akipiga pasi.

"Sasa haya anasoma nani?"

"Mashine."

"Na wale madaktari wanaosahihisha?"

"Madaktari gani?"

Nikamweleza, na jumba lao, na kalamu nyekundu. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaninyang'anya ile karatasi.

"Hakuna anayesahihisha, kaka. Mashine inatafuta neno uliloandika, na huyu muuza unga kalijaza neno hilo ili atokee juu. Kuwa juu si kuwa kweli. Mama yako akiacha vidonge anaweza kupooza. Nenda Idete ukamwambie aendelee kumeza, halafu umlete hospitali aseme vinavyomsumbua, wao ndio watajua kama wambadilishie."