Begi Lililokaa Golini

Watu walidhani Fundi alipewa kudaka kwa sababu ya mikono yake mirefu. Si kweli. Alikubali kwa sababu kipa ndiye mchezaji pekee anayeweza kuweka begi lake nyuma yake, ndani ya nyavu, akalilinda huku mchezo unaendelea. Mpira ukija, yeye hakuwa akilinda goli, alikuwa akilinda begi. Ndiyo maana karibu msimu mzima timu ilikuwa imefungwa mabao mawili tu.

Ndani ya begi mlikuwa na mkasi, futi ya kupimia, kitambulisho, na pasi ya mkaa nzito ajabu. Hivyo ndivyo vilivyobaki katika miaka ishirini na miwili ya kushona. Zamani alikuwa na chumba cha mbele cha kazi na cha nyuma cha kulala. Mama yake alipofariki, shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, alimwambia, "Niachie ufunguo, nenda kazike kwa amani." Akamwachia. Alisafiri na pasi yake kwa kuwa hakutaka kumzika mama huku yeye amevaa shati lenye makunyanzi, na mkasi kwa kuwa fundi haendi mahali bila mkasi. Aliporudi alikuta vyumba vina mpangaji mwingine, cherehani zote mbili zimeuzwa, na shemeji hapatikani kwenye simu mpaka leo. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Yeye, fundi wa nguo, hakukiona.

Tangu hapo alilala barazani, mbele ya duka la rangi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Fundi alishtuka hata kwa salamu. Ukimwambia "za asubuhi" alijiuliza unataka nini. Wenzake wa timu, wote watu wasio na pa kulala, walimwita Macho Nyuma.

Siku moja baada ya mazoezi, Kocha aliwakusanya. Alikuwa mwalimu wa michezo aliyestaafu, mama mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Akawaambia kutakuwa na mbio za hisani, raundi tatu kuzunguka uwanja na mitaa ya jirani. Watu watalipa ili wakimbie, na michango hiyo itapangisha vyumba vitatu kwa ajili ya wachezaji, ambao nao watakimbia.

"Wanalipa ili wakimbie?" Fundi aliuliza.

"Ndiyo."

"Nani anawafukuza?"

Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Kwa akili yake, mtu akikimbia, ama anafukuzwa ama anafukuza. Watu wazima wenye makwao, wanakimbia na hakuna anayewafukuza? Basi kuna jambo.

Kocha akamvuta pembeni. "Fundi, chumba kimoja ni chako. Mwenye nyumba atakuja pale mwisho wa mbio, anataka akuone kwa macho yake."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ukipata mlango tu, utafanya kazi."

"Na wewe unapata nini, Mwalimu?"

"Nitapata kipa asiyekohoa mazoezini. Nenda zako!"

Hakuridhika. Wiki nzima alilichambua jambo hilo kama anayetafuta chawa kwenye mshono. Lakini chumba kilimwingia moyoni, asikudanganye mtu. Alikitaka chumba kile kiasi cha kujichukia.

Siku ya mbio watu walijaa, fulana za rangi moja, muziki juu. Fundi akafika na begi mgongoni. Mlinzi akamzuia. "Mzee, mizigo hairuhusiwi njiani. Kaache pale kwenye hema."

"Basi sikimbii."

Kocha akaja mbio. "Niachie mimi, Fundi."

Niachie. Neno lilelile. Fundi akarudi nyuma hatua mbili, amelikumbatia begi kwa mikono yote miwili.

Kocha akamtazama, kisha akainama, akafungua kamba za kiatu chake cha kushoto na kumkabidhi. "Haya, chukua. Mtu hawezi kutoroka na mali ya mwenzake kwa kiatu kimoja."

Fundi alikipima kile kiatu mkononi. Kilikuwa cha bei. Akalifunga begi kwa fundo lake mwenyewe, fundo ambalo mtu mwingine akilifungua hawezi kulirudishia, akaliweka miguuni kwa Kocha, akaondoka.

Alikimbia na kiatu mkononi, shingo imegeuka nyuma. Raundi ya kwanza alimkuta Kocha amekalia begi, mguu mmoja peku. Raundi ya pili, vivyo hivyo. Raundi ya tatu hakumwona. Hapakuwa na Kocha wala begi.

Akaiacha njia. Alipita katikati ya watu akisukuma, anajitukana kwa sauti: mjinga mara mbili, mjinga wa kuzaliwa! Akaingia kwenye hema kwa hasira za kuvunja meza.

Kocha alikuwa kwenye kona, begi mapajani. "Wanamwaga maji pale nje kutuliza vumbi. Ulitaka pasi ishike kutu?"

Fundi akaliangalia fundo. Lilikuwa lake, halijaguswa. Akapiga goti na kumvisha kiatu, akafunga kamba.

"Nenda umalize," Kocha alisema. "Na begi usiondoke nalo."

Akamaliza wa mwisho kabisa, watu wakiwa tayari wanakunja mabango. Mwenye nyumba, bibi mwenye fimbo, alikuwa bado anamngoja na ufunguo mkononi.

"Nani mwingine ana ufunguo kama huu?" Fundi aliuliza kabla hata ya kusema shikamoo.

"Hakuna. Ukiupoteza utapitia dirishani."

Kesho yake akabadilisha kitasa hata hivyo.

Wiki tatu baadaye walicheza na timu ya wauza mitumba. Bao la kwanza lilimpita Fundi katikati ya miguu. La pili alilisindikiza kwa macho. Kufikia mapumziko yalikuwa matano, na wenzake wakamzunguka.

"Macho Nyuma, umehongwa?"

"Sijahongwa."

"Sema ukweli! Wamekupa nini?"

Kocha akaja kwa hatua nzito, naye uso umejaa shaka. Alifungua mdomo amfokee, kisha akatazama nyuma ya Fundi, ndani ya nyavu. Hapakuwa na kitu ila nyasi.

"Begi liko wapi?"

"Nimeliacha nyumbani," Fundi alisema.

Kocha akageuka upande wa pili, akapuliza filimbi kwa nguvu, na kipindi cha pili chenyewe kilikuwa bado hakijaanza.