Aliyemsinga Bibi Harusi

Mama yangu hupata habari za harusi za Wazanzibari wa Dubai kabla hata posa haijajibiwa. Jioni moja alinikuta jikoni kwangu Al Nahda nakaanga vitunguu, akatangaza kwamba tumealikwa, mimi na yeye, na kwamba ile nguo yangu ya mwaka jana nisithubutu kuivaa tena. Akataja ni binti wa nani. Mimi nikainamia vitunguu vyangu nikasema tu, inshallah. Nilikuwa naijua harusi hiyo kwa wiki kadhaa, mpaka hofu iliyokuwa ndani yake, na sikuweza kumwambia hata nusu neno.

Mimi ni mshauri nasaha. Watu huja kukaa nami chumbani kwa saa moja, wakasema wasiyoweza kuyasema kwingine, na yakishasemwa hayatoki. Kwa mtu wa ukoo wetu, ambako siri maana yake ni kumwambia mtu mmoja mmoja badala ya kuwaambia wote pamoja, kazi hii ni mtihani. Haya ninayoyaandika mwenyewe ameniruhusu, na nimeyageuza vya kutosha kiasi kwamba mama yangu akiyasoma ataitafuta harusi hii asiione.

Mteja wangu ni fundi wa lifti kwenye maghorofa, mzaliwa wa hapa kama mimi, wazazi wake ni watu wa Unguja. Alipozaliwa walisema ni mtoto wa kiume, na hati zake zote zinasema hivyo. Yeye amejijua mwanamke tangu hajaanza shule. Alikuja kwangu kwa ajili ya maumivu ya shingo ambayo madaktari hawakuyaona kwenye picha, na ilichukua miezi mpaka tukafika kwenye neno lenyewe. Kabla yangu alikwenda kwa mshauri mwingine aliyetaka kumrekebisha kama mtu anavyonyoosha bati. Mimi sikuwa na la kurekebisha. Nilimuuliza tu anapenda nimwite nani. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu cha bei kubwa, nimwite dada. Nikamwita. Alicheka, kisha akaniomba nirudie.

Siku ile nilitoka kazini mwili umejaa furaha hata sikuliona joto. Nilitamani kumsimamisha kila mtu njiani nimwambie kuna dada mpya mjini. Ndivyo nilivyo, mtu wa kiherehere, na nashukuru kwamba kazi yetu inataka kila mshauri awe na msimamizi. Wangu ni mama wa Kikenya, mtu mzima, aliyefanya kazi hii Nakuru miaka mingi kabla ya kuja huku, na hachoki kunivuta breki.

Basi harusi. Mteja wangu ana mdogo wake mmoja tu, binti, na ndiye anayempenda kuliko watu wote duniani. Baba yao alikwisha fariki, na kwa dini yetu baba akiwa hayupo, wa kumuozesha binti ni kaka yake. Kwa hiyo ukoo mzima ulikuwa unamtazama yeye: akae mbele ya shekhe, ashike mkono wa bwana harusi, atamke. Kanzu angeweza kuivaa, ameivaa maisha yake yote. Lakini kujiita kaka mbele ya Mungu, siku hiyo kati ya siku zote, aliona ni kuianza ndoa ya mdogo wake kwa uongo. Na akikataa bila sababu, watu watauliza ana ugomvi gani na bibi harusi, na mdogo wake atadhani hamtaki mume wake.

Upande wa wanawake, ambako moyo wake ulikuwako, hakukuwa na njia. Kwa sheria za hapa, mtu ambaye hati zake zinasema mwanamume akiingia penye wanawake kwa mavazi ya kike, mwisho wake ni polisi. Nilimwambia wazi. Alikuwa akilijua hilo zaidi yangu, lakini alinishukuru kwa kutompambia maneno.

Kisha kiherehere changu kikanipanda. Nikaenda kwa msimamizi wangu na mipango tele: augue ghafla, apangiwe zamu ya kazi, asafiri Nairobi arudi wiki inayofuata. Yule mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Unaolewa wewe?" aliniuliza.

Nikasema hapana.

"Basi wacha. Muulize yeye anataka nini siku hiyo. Si vile ataponyoka. Vile anataka kuwa."

Nikaona haya, maana ni swali la kwanza kabisa tunalofundishwa, na nilikuwa nimelipita mbio.

Mkutano uliofuata na mteja wangu nilianza na jambo langu mwenyewe. Nilimwambia kwamba mama yangu amealikwa, na mimi pamoja naye, na kwamba akipenda nisiende nitapata udhuru, wala hatatakiwa kunieleza kwa nini. Nilisema nikienda nitakuwa mtu wa ukumbini tu, sitamjua yeyote zaidi ya mama anavyomjua.

"Njoo," alisema. "Angalau upande wa wanawake awepo mtu mmoja anayejua kwamba mimi sipo."

Nililengwa na machozi, nikanywa maji. Halafu nikamuuliza swali la msimamizi wangu. Siku hiyo anataka kuwa nani? Alijibu upesi mno, kama jibu lilikuwa limesimama nyuma ya mlango: anataka mdogo wake ajue anaolewa akiwa na dada. Hata kama hakuna mtu mwingine atakayejua. Hakuwahi kumwambia. Aliogopa kumpoteza, na alikuwa hana ndugu mwingine.

Tukajitayarisha wiki mbili. Mimi nilikuwa nakaa kama ndiye mdogo wake, naye anasema, na nilimjibu kila jibu baya tuliloweza kulifikiria, mpaka akawa ananicheka kwamba nina roho ngumu kuliko mtu yeyote wa familia yao. Tulipanga pia kama mambo yatakwenda vibaya atalala kwa nani, na nani atampigia simu. Uamuzi wa kusema ulikuwa wake, na akauchukua.

Mdogo wake alikuja chumbani kwangu akitokea sokoni Al Ras, mifuko mikono yote miwili, akinukia mawaridi na karafuu, jasho likimtiririka chini ya buibui. Alidhani ameitwa kwa sababu kaka yake ana ugonjwa. Alikaa ukingoni mwa kiti akaniangalia mimi, nami nikamwelekeza kwa macho amwangalie mwenzake. Mteja wangu akasema. Hakuyasema kama tulivyofanya mazoezi. Aliyasahau yote, akasema tu kwamba yeye ni mwanamke, amekuwa hivyo siku zote, na kwamba hawezi kumuozesha kama kaka lakini hajapungukiwa mapenzi hata tone.

Binti yule alinyamaza. Katika majibu yote mabaya niliyoyaigiza, kimya hakikuwamo. Kisha akaanza kulia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira.

"Utoto wangu wote nimemuomba mama anizalie dada," alisema. "Nimelilia dada mpaka nikapigwa. Na wewe ulikuwa chumba cha pili umenyamaza?"

Yule binti akajifuta kamasi kwa ncha ya mtandio, akauliza maswali mawili matatu: mama anajua, kazini wanajua, unaumwa popote. Alipojibiwa, akafungua mfuko mmoja akamsukumia mwenzake magotini.

"Kuozesha, ami ataniozesha. Kusinga, utanisinga wewe."

Kwetu bibi harusi husingwa. Siku chache kabla ya harusi hukaa ndani, akasuguliwa mikono, miguu na mgongo kwa singo, yaani mawaridi makavu, unga wa mti wa liwa na karafuu, vimelowekwa kwa marashi, mpaka ngozi ing'ae na harufu imtangulie mlangoni. Kazi hiyo mwanamume haigusi, na haipewi mwanamke yeyote tu. Hupewa wa karibu, ambaye bibi harusi hamwonei haya. Mteja wangu aliushika ule mfuko kwa mikono miwili. Mimi, mtaalamu mwenye vyeti ukutani, nilikuwa nimeukamata mkono wa kiti changu nisije nikaruka.

La ami lilikwisha kirahisi kuliko tulivyoogopa. Sheria ya ndoa inaruhusu anayestahili kuozesha kumpa mwingine uwakala, na mteja wangu alimpigia simu ami yake, ndugu wa baba yao, akasema anaona haya kusema mbele ya watu, tafadhali amuozeshee mdogo wake. Mzee hakuuliza hata swali moja. Inaonekana alikuwa akiitamani nafasi hiyo tangu siku ya posa, na jioni ile ile alianza kuandaa hotuba.

La mama yao halikuwa hivyo. Singo ingefanyika nyumbani kwake, Al Muraqqabat, kwa hiyo ilibidi ajue. Walimwambia wote wawili, wameshikana mikono. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia, akainuka kwenda kuswali. Basi. Hakugomba wala hakufukuza mtu, lakini hakuligusa tena jambo lile, na aliwapa chakula wote wawili kama kawaida, akiongea na mmoja tu.

Siku za kusinga zilipokwisha, mteja wangu alikuja kwangu akinukia kiasi kwamba mpokezi wetu aliniuliza nani ameleta maua. Alinionyesha vidole vyake, kucha bado zina rangi ya liwa. Akanieleza walivyocheka, mdogo wake alivyomlaumu kwamba anasugua kama anang'arisha mlango wa lifti, walivyoimba nyimbo za bibi yao na kusahau maneno nusu. Uso wake ulikuwa umefunguka, sijawahi kuuona vile. Nikamuuliza mama alikuwa wapi wakati huo. Sebuleni, alisema, televisheni sauti juu, siku zote tatu, hakuingia hata kuangalia.

"Mdogo wangu nimempata," alisema. "Mama bado sijui."

Nikaliandika daftarini, liwe la mkutano ujao.

Siku ya harusi yenyewe alikwenda msikitini kwenye nikaha kwa kanzu, akakaa safu ya nyuma. Alikuwa ameniambia mapema kwamba ataivaa kama ovaroli, nguo ya kazi, akimaliza anavua. Ami alizungumza kwa muda mrefu kupita kiasi, ndivyo tulivyosikia. Baadaye mteja wangu akarudi nyumbani, na sisi wanawake tukajaa ukumbini.

Mimi na mama tulikaa meza ya tatu. Nguo yangu ilikuwa mpya. Bibi harusi alipoingia, udi ulikuwa unafuka pembe zote, lakini harufu yake yeye iliupita udi, na kina mama walianza kunyoosha shingo kama watu wanaonusa mkate. Ngozi yake iling'aa. Nilipiga vigelegele mpaka mama akaniuliza kama nimeajiriwa.

Alipokwisha kukalishwa, bibi mmoja wa upande wa bwana harusi, mwenye pete kila kidole, alimshika mkono akaunusa bila haya. Meza zote za mbele zilisikia alivyouliza.

"Mwanangu we, nani kakusinga hivi?"

"Dada yangu," alisema bibi harusi.

Bibi yule hakuijua familia, kwa hiyo alifurahi tu, akasema ana mjukuu wa kuolewa mwezi wa mfungo sita na anamtaka dada huyo huyo. Lakini wanaoijua familia walikuwapo. Mke wa ami aliacha kijiko hewani. Wengine wawili wakatazamana, kisha wote wakamgeukia mama wa bibi harusi, aliyekuwa amesimama pale pale na sinia la halua, maana kila mtu ukumbini alijua mama yule ana binti mmoja. Mimi nilikuwa naomba dua kimya kimya. Naomba nini, hata sikujua. Asikanushe, tu, asikanushe. Alikuwa anaweza kucheka akasema mtoto anatania, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Yuko wapi nimuone?" aliuliza yule bibi.

Mama yao aliliweka sinia mezani. Alichukua muda kuliweka, akalisogeza katikati.

"Huyo mkubwa wangu," alisema. "Leo hakuweza kuja. Nikifika nyumbani nitamuuliza kama ana nafasi."

Kisha akamkatia yule bibi halua. Mke wa ami akala kile kilichokuwa kijikoni. Mama yangu akaniuliza kwa nini nalia harusini, nikamwambia ni udi. Na bibi harusi, pale juu kwenye kiti chake, na dhahabu yote ile na hina mpaka kwenye viwiko, alikuwa amemshika mkono msichana aliye karibu naye, anamuomba simu yake ampigie dada.