Umeme Uliporudi, Lalahapa Ikakatika

Mama Mashine alifariki wiki iliyopita, na nianze kwa kusema ukweli: nimekasirika. Wenzangu wamelia, wamefunga kanga kiunoni, wameandika "pumzika kwa amani" kwenye makundi ya simu. Mimi nimelia pia, sikatai, lakini chozi moja lilikuwa la huzuni na la pili la hasira, maana mwanamke huyu ameondoka na kitu chetu. Ameondoka na mwisho wa hadithi. Tumeusubiri kwa miaka, tumembembeleza, tumemtumia wajumbe, na yeye kila mara alikuwa anatucheka tu huku akijipangusa unga usoni. Niseme mapema pia kwamba mimi ni Mzaramo na marehemu alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani, na utani huo walituachia babu zetu wa enzi za misafara, wapagazi wa huku Tabora walipokuwa wakifika kwetu pwani na mizigo mabegani. Mtani anaruhusiwa kumsema marehemu vibaya hata jeneza likiwa bado sebuleni. Msomaji asiyependa hayo ageuze ukurasa.

Kwa asiyemfahamu, marehemu alikuwa na mashine ya kusaga nafaka hapa Tabora, kwenye barabara ya kwenda Kipalapala, kibanda cha mabati chenye benchi nje. Enzi hizo umeme ulikuwa unakatika unavyotaka wenyewe. Umepeleka mahindi yako, nusu yamekwisha kusagwa, nusu bado yamo kwenye mashine, mara kimya. Kuondoka huwezi, maana unga wako umo mle ndani, na cha kufanya huna. Watu wakikwama hivyo wanabaki kuchunguzana, na siku moja wakapata wa kumchunguza. Mama Mashine, ambaye hakuwa na mume wala mtoto, alirudi kutoka safari ya Ulyankulu, kule kwenye makazi ya wakimbizi, amemshika mkono mtoto wa kike mdogo, na hakumweleza mtu kitu. Wanawake wa kwenye foleni wakaanza. "Huyu ni nduguyo upande upi?" "Mbona hamfanani?" "We mtoto, unatoka wapi?" Mtoto akaenda kujificha nyuma ya magunia ya pumba. Siku hiyo hiyo umeme ukakatika, na Mama Mashine, ambaye hatukuwahi kumsikia akisimulia chochote, akaja kukaa nasi kwenye benchi, akaanza: "Palikuwa na kijiji kinaitwa Lalahapa."

Lalahapa kilikuwa kituo kwenye njia ya zamani ya misafara, kati ya Tabora na Ujiji. Kila msafara ulilala hapo. Kilikuwa na sheria moja tu: mgeni haulizwi anakotoka. Ukimuuliza, unabeba mzigo wake mpaka kituo kinachofuata, uwe mtoto, uwe mkuu wa kijiji, uwe na homa. Nani aliitunga sheria hiyo, na kwa nini, hakutuambia. Alituambia kilichofuata. Wanyamwezi, mnawajua, salamu zao hazimaliziki mpaka na ng'ombe waulizwe hali. Kumkataza mtu wa namna hiyo asiulize mgeni katoka wapi ni kumtesa. Kwa hiyo watu wa Lalahapa wakifika kwenye sehemu hiyo ya salamu walikuwa wanajing'ata ulimi, halafu wanauliza, "Umekula?" Walianza kwa kukwepa swali, wakaishia kupika, na hakuna kijiji njia nzima kilicholisha wageni kama kile. Palikuwa pia na mfanyabiashara mmoja wa pembe za ndovu, mjanja kupindukia. Akikaribia Lalahapa alikuwa anavaa kofia ya manyoya na kuongea kwa lafudhi ya ajabu ili mtu ateleze. Ukiteleza tu, anashusha pembe: "Haya, beba." Tulimchukia yule mtu. Mama mmoja kwenye foleni alisusa kabisa, akasema hasagi tena pale mpaka mfanyabiashara yule apatwe na baya.

Halafu akaja mwanamke kutoka magharibi, peke yake, bila msafara. Mzigo wake ulikuwa mdogo, umefungwa kwa mkeka, na hakuubeba kichwani wala begani. Aliukumbatia. Akapewa chakula, akala kwa mkono mmoja. Akapewa pa kulala, akalala nao. Lalahapa nzima ilikuwa inakufa kwa hamu ya kujua, na sisi kwenye benchi vilevile. Wengine walisema ni mtoto, wengine walisema ni mifupa ya mumewe, na fundi cherehani mmoja alishikilia kwamba ni mbegu. Mwishowe mkuu wa Lalahapa, mzee ambaye tangu azaliwe hajawahi kumuuliza mgeni kitu, akakaa mbele ya yule mwanamke, akautazama ule mkeka, akalamba midomo, akafungua kinywa. Na umeme ukarudi. Mama Mashine akainuka katikati ya sentensi, akawasha, mashine ikanguruma, na hakuna aliyesikia tena neno. Sijawahi, kabla ya siku ile wala baada yake, kuona watu wakizomea umeme kwa kurudi.

Tangu hapo, jamani, umeme ukatengemaa! Miaka yote tuliyoulilia haukututazama, tukishauchoka ndipo unakaa. Ukikatika siku hizi ni mara chache, na ukikatika kila mtu pale kwenye benchi anainamia simu yake. Nusu ya wateja wamehamia unga wa pakiti. Mimi nikaona isiwe tabu, nikamfuata mwenyewe mchana kweupe.

"Mtani, malizia."

"Umeme upo," akasema, wala hakuzima mashine.

"Kwani hadithi yako inatumia umeme?"

"Hadithi ni ya watu waliokwama. Wewe umekwama?"

"Nimekwama tangu mwaka ule!"

"Hujakwama, Mzaramo. Una umbea tu."

Nikajaribu mlango mwingine. Nikamwambia basi anieleze Lalahapa iko wapi, kabla ya Urambo au baada yake, angalau hilo. Akafikiri sana, nikatoa kalamu. "Ukitoka Tabora kwa miguu," akasema, "unaanza kwa kulalamika. Baadaye unanyamaza. Pale unaponyamaza, ndipo hapo." Haya, chukua ramani ukapatafute.

Hasira hizi ninazo zaidi kwa sababu ya miswada inayorundikwa mezani kwangu. Watu wanajua naandika gazetini, basi wanadhani nina kazi ya kuwasomea. Mwezi uliopita kijana mmoja kutoka Nzega aliniletea riwaya ya dunia aliyoibuni mwenyewe. Ina falme nyingi, ina ramani ya rangi, ina lugha yake na kamusi yake nyuma ya kitabu, na kila mfalme ana jina ambalo ukilitamka unahitaji maji ya kunywa. Nimeisoma mpaka macho yakaniuma na sikukutana na mtu hata mmoja anayetaka kitu. Nikampigia simu. "Mwanangu, huyu mfalme wako anahangaikia nini?" Akanijibu kwa adabu zote, "Shikamoo mzee. Hiyo inakuja kwenye kitabu cha tatu." Kitabu cha tatu! Nani atafika huko? Mwanafunzi mwingine alinieleza historia ya jiwe la uchawi tangu lilipochongwa, na alipomaliza kunieleza sikuwa na haja tena ya kuliona. Wanatuonyesha nyumba nzima, stoo mpaka choo, kisha wanashangaa kwa nini mgeni anaaga.

Mama Mashine hakuwa na mfalme wala jiwe. Alikuwa na sheria moja inayouma, akaiacha iwaume watu mmoja baada ya mwingine mbele yetu, mjanja aliyeitumia vibaya, wanakijiji walioikwepa kwa kupika, mzee aliyeishika maisha yake yote mpaka ikamshinda. Tuliiamini Lalahapa kwa sababu kila mtu pale alikuwa na cha kupoteza akifungua mdomo. Na kingine, ambacho kijana wa Nzega simlaumu kwa kutokuwa nacho: Mama Mashine mwenyewe aliihitaji sheria ile. Alikuwa na mtoto nyuma ya magunia ya pumba. Hakutunga ili tumsifu, alitunga ili tunyamaze, na sisi sote pale kwenye benchi tulijua, na tulisikiliza kwa kujua hivyo.

Na tulinyamaza kweli. Mtaani kwetu likaingia neno. Mtu akianza kumchimba mwenzake, huyu wa nani, kabila gani, kaja na nani, unasikia mtu anasema, "Utabeba!" Basi anacheka, anaacha. Shuleni, mwalimu mgeni alimsimamisha yule binti amtajie kabila lake, na darasa zima likasema chini kwa chini, "Mwalimu, utabeba." Mwalimu hakuelewa, lakini akaendelea na somo. Binti amekua hivyo, amesoma, amerudi kuendesha mashine pamoja na mama yake. Mimi aliniita mjomba siku zote. Nilimchokoza sana kwa utani, nikimwambia Wanyamwezi hawajui kuoga na mengine ya namna hiyo, naye alikuwa anatabasamu tu bila kunirudishia. Utani una masharti yake, lazima ujue wewe ni wa wapi ndipo ujue watani wako ni nani. Nilikuwa naona kwamba hapo hana pa kushika, na niliumia, lakini kuuliza singeweza.

Sasa msibani. Jeneza limetolewa nje, limewekwa begani, wanataka kuanza safari ya makaburini, nami nikasimama njiani mbele yao nikatandaza mikono. "Haondoki mtu hapa!" Watu wakacheka, maana walijua mtani lazima afanye vituko, na mmoja akaingiza mkono mfukoni anitulize. Nikamwambia sitaki hela, nataka mwisho. "Huyu Mnyamwezi ametudhulumu! Haendi kokote mpaka tuambiwe mkuu wa Lalahapa alisemaje!" Wanawake wa foleni ya zamani wakapaza sauti kutoka kwenye mikeka, "Kweli mtani, mbane!" Katekista akaitazama saa yake. Nikamgeukia binti, macho yake yamevimba, nikajua kama kuna mtu aliyeambiwa ni yeye. Nikamuuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Yule mwanamke alitoka wapi, na kwenye ule mkeka mlikuwa na nini?"

Nikaona nimekosea, nimemuumiza mtoto wa watu mbele ya mwili wa mama yake. Yeye akaja mpaka mbele yangu.

"Umeuliza?"

"Nimeuliza."

"Umeuliza mtu katoka wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilikuwa nimechelewa, maana mtu wa nyuma kabisa kwenye mikeka alikwishaanza kucheka huku analia.

"Basi beba, mtani," akasema.

Umati mzima ukadakia: "Abebe! Abebe!" Kijana wa mbele kushoto akanipisha, nikaingiza bega. Makaburi si karibu, jua lilikuwa kali, na Mama Mashine hakuwa mwembamba. Mwanzo nililalamika: goti, kiatu, hawa vijana wanakwenda mbio. Baadaye nikanyamaza, nikasikia miguu ya watu kwenye vumbi na yule binti nyuma yangu akinitukana kwa furaha na machozi, Mzaramo mvivu, Mzaramo miguu ya kuku, matusi yote aliyoyaweka tangu utotoni.

Vijana wa miswada, nina somo moja tu kwenu. Mkitunga dunia, itungeni iweze kumkamata hata anayeisikiliza. Sijui mle mkekani mlikuwa na nini, na nimekoma kuuliza. Bega bado linaniuma.