Mwanamume Aliyebaki Ndani ya Gari

Ukambani, Novemba si mwezi wa kuandika riwaya. Ndio mwezi wa mvua tunayoitegemea, magugu huota kwa pupa kuliko mahindi, na kila mwenye mikono hutakiwa shambani. Lakini waliobuni lile shindano la kuandika riwaya, huko ng'ambo, waliuchagua mwezi huohuo: maneno elfu hamsini kabla haujaisha, bila zawadi wala hakimu, kila mtu akishindana na uvivu wake mwenyewe. Nilisoma habari zake katika saiba moja, duka la intaneti karibu na soko la Machakos, nikacheka, kisha nikajiandikisha. Mwaka huo niliishia katikati. Mwaka uliofuata nilirudi, na safari hii nilirudi na hofu ambayo sikumweleza mtu: kwamba nikishindwa tena, nitajua kwa hakika kuwa mimi ni msomaji tu, mwalimu wa historia anayependa vitabu vya wengine.

Hatukuwa watu wa starehe kubwa, mume wangu na mimi. Jumapili tulikuwa na fumbo la maneno la gazeti, tukinyang'anyana kalamu moja. Jioni tulicheza drafti barazani kwa vizibo vya soda, vyake chali, vyangu kifudifudi. Riwaya ilipoanza kula jioni zangu hakulalamika. Alikaa pale pale akicheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, na mara nyingine nilipoinua macho kutoka kwenye karatasi nilimwona amekishika kizibo bila kukiweka popote.

Niliandika kwa nafsi ya kwanza, kwa kuwa ndiyo iliyokwenda kasi. Huyo "mimi" wa hadithi alikuwa mke ambaye kila jioni husikia gari la mumewe likiingia uani. Injini inazimwa, kisha kimya. Mume hashuki. Mke anasimama nyuma ya pazia akingoja mlango wa gari ufunguliwe, na hajui kuna nini. Hata mimi niliyemwandika sikujua. Hapo ndipo nilipokwama, na mwezi ulikuwa unakimbia.

Jumamosi nilikwenda Kathiani, kwa mama yangu. Goti la mama lilikuwa limemsaliti, nami nilishika nafasi yake katika mwethya, kile kikundi cha wanawake wanaopaliliana mashamba kwa zamu. Asiyekwenda kwa wenzake, wenzake hawaji kwake, na mahindi ya mama yangemezwa na magugu. Siku hiyo zamu ilikuwa ya shamba letu. Nililima nikiwaza riwaya, na bila kujua midomo yangu ikawa inacheza.

"Wewe, unasali ama unatutukana?" aliuliza mke wa jirani, mcheshi wa kikundi, kutoka mstari wa pili.

"Nafikiria hadithi."

"Basi itoe! Usiuchoshe mdomo bure."

Nikaisimulia kama nilivyoiandika: mimi, mume wangu, gari, pazia. Mwanzoni walicheka.

"Huyo amelala huko ndani!"

"Amelala wapi? Ako na mwanamke kwa simu!"

Kisha majembe yakapunguza mwendo. Mama alikuwa amekuja na birika la chai, akaketi ukingoni mwa tuta akisikiliza hadi mwisho, ambao haukuwa mwisho.

"Sasa utafanya nini?" aliniuliza.

"Sijui bado, mwaitu," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kikamba chetu, na nikidhani anaulizia kitabu.

Wanawake walirudi kupalilia, wakikwepa macho yangu. Nilipaswa kutambua jambo hapo. Kwetu, mambo ya nyumbani hayatolewi wazi. Mwanamke anayetaka kusaidiwa husimulia habari za "mwanamke mmoja huko mbali", na wasikiaji humwelewa. Mimi sikujificha hata kwa kiasi hicho. Nilisema "mimi".

Katikati ya wiki, alasiri, nikiwa nimetoka kufundisha, nilisikia hodi getini. Alikuwa mama, amesimama na dada yake mkubwa, kiondo cha mbaazi begani na kuku aliyefungwa miguu mkononi mwa mama mkubwa. Nilishtuka kabla hawajasema neno. Mama mkwe na mkwewe, kwetu, hutengwa na nthoni, ile heshima yenye haya ndani yake, na kwa miaka yote ya ndoa yangu mama hakuwahi kuketi sebuleni akijua mume wangu yumo. Leo aliingia, akaketi pembeni mwa kiti, uso kaugeuzia ukutani. Mume wangu alikuwa amerudi mapema kutoka kiwandani Athi River. Sikuwa nimemwuliza kwa nini.

Mama mkubwa ndiye aliyezungumza. "Mwanetu, hatujaja kugombana. Tumekuja kuuliza tu. Hilo gari liko na nini?"

"Gari?" Mume wangu alinitazama. "Ni klachi, mama. Nimelipeleka kwa fundi."

"Si klachi."

Nilieleza habari za shindano, nikaleta karatasi zangu, nikasema yote ni ya kubuni. Mama aliuambia ukuta, "Hicho kitabu kinasema 'mimi'. Mimi ni nani?"

"Ni mtu wa hadithi, mwaitu."

"Kama ni wa hadithi," alidakia mama mkubwa, "mwisho wake ni upi?"

Sikuwa nao. "Alikuwa akisikiliza mpira redioni," nilisema. "Mpira ukiisha, anashuka."

Mama mkubwa alicheka hadi akafuta machozi. "Wanaume na mpira!" Mama hakucheka. Nilipowasindikiza getini alinishika kifundo cha mkono, akaninong'oneza, "Huo mwisho umeuokota hapo hapo. Kitanda chako kipo nyumbani kwangu, mwiitu wakwa." Binti yangu, aliniita, kama alivyoniita nilipokuwa mgonjwa utotoni.

Niliporudi, mume wangu alikuwa amepanga vizibo ubaoni, vyake na vyangu. Nilijiandaa kuomba radhi kwa aibu niliyomletea mbele ya wakwe. Yeye hakucheza.

"Uliniona lini?" aliuliza.

"Kukuona wapi?"

"Ndani ya gari."

Niliapa sikuwahi kumwona. Nilikuwa nikisema kweli, na papo hapo nikatambua kwamba nilikuwa nimesikia. Jioni baada ya jioni, nikiwa jikoni, nilisikia pikapu ikizimwa, na mlango wake ukifunguliwa baada ya muda ambao haukuwa wa kawaida. Nilikuwa nimesikia nikaendelea kumenya viazi.

"Wanapunguza watu," alisema. "Kila Ijumaa wanaita wengine. Sisi bado. Sasa jioni nakaa kidogo pale, nipange uso kabla sijaingia."

Watoto walikuwa shule ya bweni. Mshahara wangu tuliujua wote wawili. Nilisogeza kizibo kimoja, naye akasogeza chake, tukacheza vibaya sana.

"Na huyo mke," aliniuliza baadaye, bila kuinua macho, "akishajua, anafanya nini?"

Ni lile lile aliloniuliza mama shambani, na jibu langu lilikuwa bado lile lile.

Mwezi ule sikuyafikisha maneno elfu hamsini. Lakini jioni pikapu iliporudi kutoka kwa fundi, niliisikia ikiingia uani, injini ikazimwa, kisha kimya. Niliacha karatasi mezani. Nje mvua ilikuwa imeanza, ile nzito ya kwetu. Nilifungua mlango wa upande wa abiria, nikaketi, nikaufunga. Hakuniuliza ninatafuta nini. Ilikuwa Ijumaa. Nilimtazama usoni kabla hajaupanga.